Masurufu ya Yai la Kambare

Nilianza kuzalisha vifaranga wa kambare mwaka 2016, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mama yangu upande wa Kibos, nje kidogo ya mji wa Kisumu. Mali yangu yote ilikuwa trei sita, tangi la lita elfu moja, kipimajoto kimoja, na shahada ya zuolojia iliyokuwa imelala kwenye bahasha miaka miwili. Soko nililijua. Wavuvi wa mbuta hununua kambare wadogo wa kutia kwenye ndoana kama chambo, na wenye mabwawa walikuwa wakilalamika kila msimu kwamba mbegu haipatikani. Mabwawa hayo mengi yalichimbwa kuanzia 2009, serikali ilipogharamia mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140. Baadhi yalikauka, baadhi yakawa makao ya vyura, lakini yaliyobaki yalihitaji vifaranga, na mimi niliamini ninajua jinsi ya kuwapata.

Kambare aliyefungiwa bwawani hunenepa, na jike hujaa mayai tele tumboni. Asichofanya ni kuyataga. Anangoja mvua. Watu wa Nyando wanalijua jambo hili tangu utotoni: mto ukifurika, mumi, ndilo jina la kambare kwa Kijaluo, hupanda hadi kwenye nyasi zilizozama, na usiku huohuo hutaga. Kibandani hakuna mafuriko, kwa hiyo mzalishaji humdunga jike sindano ya homoni. Wengine hutumia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa samaki mwingine, husagwa ikachanganywa na maji ya chumvi. Wengine hununua homoni iliyokwisha tengenezwa. Baada ya hapo ni kuhesabu saa. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25, mayai huwa tayari baada ya saa 11 hivi. Yakiwa nyuzi 28, saa nane zinatosha.

Dume ni taabu kidogo, kwa sababu hakamuliki kama jike. Huchinjwa, korodani zikatolewa na kukatwakatwa. Mayai ya jike hukamuliwa kwenye beseni kavu, yakimiminika mazito, rangi ya kijani iliyoingia kahawia, gramu moja ikiwa na mayai kama 600 au 700. Unamwagia manii juu yake, unachanganya taratibu kwa unyoya wa kuku. Mpaka hapo hakuna kilichotokea, manii yangali yamelala. Ukitia maji safi ndipo yanapoamka, nayo huogelea kwa takriban dakika moja tu kabla ya kuishiwa nguvu. Ganda la kila yai lina kitundu kimoja cha kuingilia. Kwa hiyo katika dakika hiyo moja, manii yanatafuta kitundu kimoja kwenye kila yai. Nimefanya kazi hii mara nyingi sana sasa, na bado mkono wangu hutetemeka kidogo ninapotia maji.

Mara tatu za kwanza nilipoteza karibu kila kitu.

Kilichoniumiza ni namna mayai yalivyokufa. Kama yangekataa tangu mwanzo, ningesema manii yalikuwa mabovu. Lakini nilikuwa nimeazima hadubini kwa rafiki anayefundisha shule ya upili, na kila mara niliona vizuri kabisa: juu ya yai panainuka kilima kidogo kinachong'aa, kinagawanyika mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka kinakuwa kama kichungu cha punje za mtama. Nilikuwa namwita mama aje aone. Jioni bado mayai yalikuwa mazima. Ikifika saa mbili usiku yanaanza kuwa meupe, moja moja, kisha kwa mafungu, na kufikia alfajiri trei inanuka na ukungu umeota kama pamba.

Nililaumu maji. Nilibadilisha kisima, nikanunua chujio, nikaongeza pampu ya hewa, nikatia chumvi. Mara ya tatu nilitumia hata maji ya chupa ya dukani kwenye trei moja ili nilinganishe. Trei hiyo ilikufa pamoja na zingine, saa ileile.

Mtu aliyenionyesha kosa langu ni mzee jirani aliyefanya kazi ya samaki miaka mingi kabla ya kustaafu. Alikuja asubuhi akiwa na fimbo yake, akainama juu ya trei, akanusa, akaketi kwenye ndoo.

"Binti yangu, ulimdunga jike saa ngapi?"

"Saa tatu usiku, mzee."

"Na maji yalikuwa na joto gani?"

"Ishirini na tano."

Akahesabu kwa vidole. "Basi mayai yalikuwa tayari saa mbili asubuhi. Wewe ulimkamua saa ngapi?"

Nilimweleza. Dume wangu alitoka kwa mfugaji wa mbali, akaletwa na pikipiki, na pikipiki ilichelewa. Nilikamua saa sita mchana. Mara mbili za kwanza ilikuwa vivyo hivyo. Nilikuwa nimezoea kusubiri, nikidhani mayai yaliyo tumboni mwa mama yake yako mahali salama kuliko popote.

"Saa nne yamekaa bure," akasema. "Yamechoka humo ndani."

"Lakini mzee, yaligawanyika. Niliyaona kwa macho yangu."

"Kugawanyika, hata yai lililochoka litagawanyika. Wewe niambie habari ya saa sita baadaye."

Usiku ule nilifungua madaftari ya chuo. Nilikuwa nimefundishwa jambo hili hasa, nikalijibu kwenye mtihani, nikalipita. Katika daftari lilihusu vyura, na pengine ndiyo sababu halikuniingia akilini nilipokuwa mbele ya trei ya kambare.

Jambo lenyewe ni hili. Yai linaporutubishwa, mtoto ana DNA yake, nusu ya mama nusu ya baba, lakini kwa saa kadhaa haitumii. Jeni zake zimenyamaza. Kazi yote ya mwanzo inafanywa kwa vitu ambavyo mama aliviweka ndani ya yai akiwa bado analijenga: protini, nishati, na maelfu ya aina za RNA, yaani nakala za maagizo zilizokwisha andikwa. Ni masurufu. Mama amemfungia msafiri chakula cha njiani, na msafiri anakila bila kujua kupika.

Katika mwaka 1982 Newport na Kirschner, huko Marekani, walihesabu jambo hili kwenye mayai ya chura wa Afrika mwenye kucha, Xenopus. Yai la chura huyo hugawanyika mara ya kwanza baada ya kama dakika 90, halafu kila nusu saa au chini ya hapo, seli zote zikienda pamoja kama watu wanaotwanga kwa mpigo mmoja. Hazikui. Ni yai lilelile linakatwakatwa vipande vidogo zaidi. Saa inayoongoza mpigo huo iko ndani ya yai lenyewe: protini iitwayo saiklini hujikusanya, ikifika kiwango fulani seli inagawanyika, kisha saiklini inateketezwa na kuanza kujikusanya upya. Baada ya mgawanyiko wa 12, penye seli kama 4,000, mpigo unavunjika. Seli zinaanza kwenda kila moja kwa mwendo wake, zinaanza kutembea, na jeni za mtoto zinafunguka kwa wingi mara ya kwanza. Kwa samaki-milia, Danio rerio, ambaye ndiye samaki aliyechunguzwa zaidi katika mambo haya, hali hiyo hufika mgawanyiko wa 10 hivi, saa tatu baada ya kurutubishwa.

Nilijiuliza kiinitete, yaani mtoto anayejengeka ndani ya yai, kinajuaje kwamba saa imefika. Sehemu kubwa ya jibu ni hesabu ya akiba. Kila mgawanyiko DNA inaongezeka maradufu, lakini vitu alivyoweka mama haviongezeki. Miongoni mwa vitu hivyo ni protini za histoni, ambazo huifunika DNA na kuzizuia jeni zisisomwe. Ni kama nyumba yenye blanketi chache ambamo idadi ya watoto inaongezeka maradufu kila nusu saa. Mwanzoni kila mmoja amefunikwa gubigubi. Mwisho blanketi hazitoshi, na walio nje ya blanketi ndio wanaoamka. Kwa samaki-milia kuna pia protini tatu za mama, Nanog, Pou5f3 na mwenzao wa jamii ya Sox, zinazokwenda kufungua milango ya jeni za kwanza. Na miongoni mwa jeni za kwanza kabisa zinazoamka ni zile za RNA ndogo iitwayo miR-430, ambayo kazi yake ni kuziharibu RNA alizoziacha mama. Mtoto anaanza kazi kwa kuondoa maagizo ya zamani ili yake yasikike.

Sasa rudi kwenye trei zangu. Watafiti wamewahi kuwapa viinitete vya samaki dawa inayofunga kabisa usomaji wa jeni. Viinitete hivyo viligawanyika kama kawaida. Ukivitazama saa ya kwanza au ya pili huwezi kuvitofautisha na vizima. Vinakwama pale tu mtoto anapotakiwa kushika usukani, kabla ya mwili kuanza kujipanga, na hapo ndipo vinakufa. Yale mayai niliyokuwa nikimwitia mama aone, yale niliyoyafurahia, yalikuwa yanakwenda kwa nguvu ya mama pekee. Nilikuwa nikisifu masurufu nikidhani nasifu msafiri.

Na kwa nini saa nne ziyadhuru? Homoni ninayomdunga jike inafika kwenye ovari na kuziamuru seli zinazolizunguka yai zitengeneze homoni nyingine, ya aina ya steroidi. Steroidi hiyo inaligusa yai, nalo lililokuwa limelala miezi linaamka: ukuta wa kiini chake unayeyuka, linatupa nusu ya kromosomu, linaanza mgawanyiko wa pili wa kupunguza kromosomu, halafu linasimama katikati. Linakuwa kama gari lililowashwa likashikwa breki, mafuta yanaungua na safari haijaanza. Masui na Markert walionyesha hali hiyo kwa mayai ya chura mwaka 1971, pamoja na breki yenyewe iliyo ndani ya yai. Kinachoiachia ni kalisiamu. Manii yakiingia, wimbi la kalisiamu linaanzia pale yalipoingilia na kulivuka yai zima hadi upande wa pili. Mwaka 1978 wimbi hilo lilionekana likipita kwenye yai la medaka, samaki mdogo wa mashamba ya mpunga ya Japani, kwa kutumia protini ya kiwavi-maji wa baharini inayotoa mwanga inapokutana na kalisiamu. Yai lisilopata wimbi hilo kwa wakati linaendelea kuzeeka mahali lilipo, na akiba yake inaharibika pamoja nalo.

Mara ya nne nilikaa macho usiku kucha. Dume alikuwa tayari kibandani tangu mchana. Nilikamua saa mbili asubuhi kasoro dakika kumi. Asubuhi iliyofuata trei zilikuwa zinatikisika, maelfu ya mikia midogo ikipiga chini ya ganda. Mama alisema neno moja tu kwa Kijaluo, nisilolitafsiri, kisha akaenda kuchemsha chai.

Nilidhani nimemaliza kujifunza. Kumbe nilikuwa nimeelewa saa tu, bado sijamwelewa jike mwenyewe. Mwaka uliofuata nilikuwa na majike wawili, wote wakubwa, wote wakikamuliwa kwa wakati, na mmoja hakuwa akinipa hata robo ya vifaranga wa mwenzake. Yule hafifu nilikuwa nimemnunua kutoka bwawa ambalo samaki walilishwa pumba tupu. Akiba ya chakula iliyo ndani ya yai hutokana na protini ya vitelojenini, nayo haitengenezwi na yai. Hutengenezwa kwenye ini la mama, ikasafiri kwa damu, ikafyonzwa na mayai kidogo kidogo kwa muda mrefu. Unachomlisha jike leo kitafika kwenye trei baada ya miezi. Tangu nilipolielewa hilo, kazi ya kulisha majike ni ya mama yangu na haiguswi na mtu mwingine. Anawapa omena iliyosagwa kwa kipimo chake mwenyewe, anawafahamu mmoja mmoja, na anajua nani hajala jana.

Vyura nao walirudi maishani mwangu kwa njia ambayo sikuitarajia. Wale wenye kucha wana jamaa zao huku kwetu pia, wanaingia mabwawani na kula vifaranga, kwa hiyo mfugaji yeyote atakuambia uwaondoe. Mimi huwaondoa, lakini huwa nawatazama kwanza. Kabla ya kuwa mnyama wa maabara duniani kote, chura huyu alitumika kupima mimba. Lancelot Hogben, aliyekuwa akifanya kazi Cape Town, aligundua kwamba chura jike akidungwa homoni fulani hutaga. Likazuka wazo la kumdunga mkojo wa mwanamke, na kama mwanamke ni mjamzito chura hutaga ndani ya saa chache. Hospitali za nchi nyingi zilifuga vyura kwa kazi hiyo kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960. Homoni iliyomo kwenye mkojo huo, hCG, ni mojawapo ya zile wazalishaji wanazowadunga kambare. Nilipogundua hilo nilitoka nje ya kibanda nikasimama kidogo. Mama mjamzito, chura na kambare, na yai la kila mmoja wao linaelewa amri moja.

Nilipokuwa mtoto, tukienda kwa shangazi huko Ahero, tulikuwa tunachota mayai ya ogwal, yaani chura, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Yalikuwa kama uzi mrefu wa shanga nyeusi ndani ya utelezi. Mwaka 2018 nilirudi na chupa, nikawahi alfajiri baada ya mvua, nikachukua ya usiku huo. Yai la chura lina nusu nyeusi na nusu nyeupe. Nusu nyeupe ni nzito kwa akiba, kwa hiyo yai lililorutubishwa, ganda likishaachana nalo kidogo, hujigeuza lenyewe hadi weusi uangalie juu. Lakini mgeuko huo unaoonekana sio wenye maana kubwa. Ndani yake kuna mwingine wa siri: gamba la nje la yai linateleza juu ya kilichomo ndani, kama nyuzi 30 tu za duara, kabla ya mgawanyiko wa kwanza. Manii yakiingilia huku, mgongo wa mtoto utatokea upande wa pili. Mtelezo huo unabeba kutoka chini ya yai vitu alivyoviweka mama na kuvipeleka kando, navyo huilinda protini ya beta-katenini isiharibiwe upande huo. Pale beta-katenini inapojikusanya ndipo patakuwa mgongo na kichwa.

Ukiuzuia mtelezo, kwa kuuchoma upande wa chini wa yai kwa mwanga wa urujuanimno, kiinitete kinakua bila mgongo wala kichwa. Ni bonge la tumbo tu. Na yai hilohilo lililochomwa, ukililaza ubavu mapema ili uzito wenyewe uhamishe vilivyomo, linaweza kupata mgongo wake tena. Niliposoma hilo mara ya pili nilifunga kitabu. Mwili mzima, uti wa mgongo, ubongo, unategemea kitu kilichosogezwa kidogo ubavuni katika saa moja na nusu ya kwanza.

Kwa samaki hakuna mtelezo kama huo, lakini kanuni ni moja. Vitu vya mama vinaanzia chini ya yai la samaki-milia na kubebwa juu kwa njia ya mikrotubuli, nyuzi za protini zinazofanya kazi kama reli. Mwaka 2018 watafiti wa China waliripoti jeni waliyoiita huluwa: jike akiikosa, watoto wake hawapati mgongo wala kichwa, hata kama baba yao ni mzima kabisa. Nilimsomea mzee jirani habari hiyo. Alitikisa kichwa, akasema, "Ndiyo maana nilikuuliza habari za jike."

Reli hizo ndizo zilizonifanya nielewe balaa la Molo. Mfugaji mmoja wa kaunti ya Nakuru, upande wa juu kabisa, aliniomba nimsaidie kuanzisha kibanda kama changu. Huko kuna baridi ya kuuma vidole. Tulipasha maji ya trei vizuri, tukawa na kipasha joto na jenereta ya akiba. Tulichosahau ni maji ya kusuuzia. Mara tu baada ya kurutubisha, kijana aliyekuwa akisaidia aliyasuuza mayai kwa maji yaliyotoka moja kwa moja kwenye tangi la nje, akayaacha humo akitafuta wavu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 14. Yalikaa kama robo saa, kisha yakaingia kwenye trei yenye joto la nyuzi 27, nasi tukaendelea na kazi tukiamini hakuna kilichoharibika.

Yaligawanyika. Mengi yalipita hata ile saa ya hatari niliyojifunza kuiogopa. Lakini waliototolewa walikuwa viumbe wa kusikitisha: wengi mkia bila kichwa cha maana, wengine kifuko cha akiba na ncha tu ya nyama. Mwenye kibanda aliniuliza kama ni ugonjwa. Nilikumbuka kwamba mikrotubuli huvunjika kwa baridi, na kwamba katika mwaka 1997 watafiti walionyesha kuwa mayai ya samaki-milia yakipozwa mwanzoni kabisa, kabla vitu vya mama havijasafiri, viinitete hukosa mgongo. Nilimwambia si ugonjwa. Tukaweka pipa la maji ya kusuuzia ndani ya kibanda, karibu na kipasha joto, na wiki tatu baadaye alinipigia simu nisikie sauti ya maji yakichezwa na vifaranga.

Kinachotokea baada ya mgongo kuchaguliwa kingehitaji usiku mwingine. Nitasema tu kwamba, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1924, Hans Spemann na Hilde Mangold, huko Ujerumani, walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, jamaa wa chura mwenye mkia, wakakipandikiza kwenye tumbo la kiinitete kingine, na hapo ukaota mwili wa pili uliounganika na wa kwanza. Sehemu kubwa ya mwili huo haikutoka kwenye kipande kilichopandikizwa. Kipande kiliwashawishi majirani. Mangold alifariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 25, na Spemann akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Samaki wana sehemu kama hiyo, huitwa ngao. Miaka ya 1990 ndipo ilipofahamika sehemu hiyo inasema nini: inatoa protini kama chordin na noggin, zinazoikamata protini nyingine, BMP, ambayo bila kuzuiwa ingeziambia seli zote ziwe tumbo. Nimelipenda sana jambo hili. Nilidhani mgongo hutokana na amri ya "kuwa mgongo." Kumbe kwa sehemu kubwa hutokana na mtu mmoja kusimama upande mmoja wa uwanja na kuuzuia ujumbe usifike.

Siku hizi nina trei 20 na hadubini yangu mwenyewe, ya mtumba lakini kioo chake ni kisafi. Kwenye ukuta kuna ubao wa saa: saa ya sindano, joto, saa ya kukamua, saa ya maji. Sihesabu mayai yaliyogawanyika, na nimewakataza wanafunzi wanaokuja kwangu wasiniletee hesabu hiyo. Nahesabu pale seli zinapokuwa zimelifunika yai zaidi ya nusu, kama kofia inayovutwa kushuka masikioni. Yai lisiloweza kuivuta kofia yake hadi chini halitakuwa samaki, na lile linaloivuta tayari linafanya kazi kwa jeni zake.

Jumamosi iliyopita stima ilipotea saa moja jioni. Tuliwasha taa ya sola, mama akaja na shali yake na kuketi kwenye stuli ya hadubini, mahali anapopenda kukaa siku za mayai. Jike alikuwa yule mkubwa anayempendelea, aliyemlisha kwa mkono tangu Januari. Niliweka tone la maji na mayai manne chini ya kioo. Alitazama kwa muda mrefu, akiwa amefumba jicho moja.

"Punje zimekuwa ndogo sana," akasema. "Nyathina, hapa sasa ni mama au ni mtoto?"

Niliangalia ubao. Zilikuwa zimepita saa tatu na dakika arobaini tangu tutie maji.

"Usiondoke," nikamwambia. "Endelea kutazama."